Vyumba vitatu vya Doug Nicholls

Kila mwaka, Mei ikielekea ukingoni, klabu zote 18 za ligi kuu ya futiboli ya Australia, AFL, huvua jezi zao za kawaida na kuvaa jezi zilizochorwa na wasanii Waaborijini na wa visiwa vya Torres Strait. Baadhi ya klabu hubadili hata jina kwa muda: Melbourne huwa Narrm, Fremantle huwa Walyalup, Port Adelaide huwa Yartapuulti. Tangu 2016 raundi hiyo imepewa jina la Sir Doug Nicholls, winga mfupi wa miaka ya 1930 aliyekuja kuwa mchungaji, mwanaharakati na gavana. Sherehe zinazidi kukua, na huku nyuma yake kuna jambo linalotokea polepole. Mwaka 2020 ligi ilikuwa na wachezaji wenyeji wa asili zaidi ya 80. Tangu hapo idadi imeshuka, tena imeshuka kiasi kwamba hata ndani ya ligi yenyewe hakuna anayelikana tatizo.

Wengi wanaona fumbo hapa. Inakuwaje ligi inayowaenzi wenyeji kwa rangi, ngoma na majina iwe ndiyo hiyohiyo inayozidi kuwakosa uwanjani? Mimi sioni fumbo. Naona mambo mawili yaliyozaliwa na kosa moja, nalo ni namna tunavyosimuliwa maisha ya Nicholls. Hadithi inayosimuliwa ni kwamba kijana mwenye kipaji alikataliwa, akavumilia, akapokelewa, na mpira ukamtoa. Mpwa wangu anayesoma Melbourne aliniambia darasani kwao walifundishwa hivyo hivyo, kwamba Nicholls ni ushahidi wa jinsi michezo inavyofuta ubaguzi. Nasema maisha yake yanathibitisha kitu tofauti kabisa. Mtu yuleyule, mwenye miguu ileile na mbio zilezile, aliingia katika vyumba vitatu vya kubadilishia nguo ndani ya miaka 5. Chumba kimoja kilimtema, viwili vikamkuza. Kilichotofautiana hakikuwa kipaji chake wala uvumilivu wake. Kilikuwa chumba.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, ni maneno machache tu. Unachezwa na watu 18 kila upande, katika uwanja wa umbo la yai, kwa mpira nao wa umbo la yai. Mchezaji hupiga mpira kwa mguu au kuugonga kwa ngumi, na anayeudaka ukiwa hewani kutoka kwenye teke la mbali hupewa nafasi ya kupiga bila kusumbuliwa. Kila upande wa uwanja una milingoti minne: ukipitisha katikati kwa mguu unapata pointi 6, ukipitisha pembeni unapata 1. Ni mchezo wa mbio nyingi, kilomita juu ya kilomita, na wanaoumia viungo ni wengi. Kwa hiyo mtu wa kuchua misuli ni sehemu ya mchezo kama mpira wenyewe. Ushike vizuri huo uchuaji, maana ndio kiini cha mkasa wa kwanza.

Nicholls alizaliwa tarehe 9 Desemba 1906 huko Cummeragunja, makazi ya Waaborijini kando ya mto Murray, upande wa New South Wales, katika nchi ya watu wa Yorta Yorta. Makazi hayo yalikuwa chini ya bodi ya serikali iliyojiita ya ulinzi. Meneja wa bodi aliamua nani aishi pale na nani afukuzwe, mgao wa chakula uwe kiasi gani, na watoto gani wachukuliwe. Nicholls akiwa na miaka 8 aliona polisi wakimchukua dada yake Hilda, aliyekuwa na miaka 16, kumpeleka Cootamundra, kwenye nyumba ya kuwafunza mabinti Waaborijini kazi za ndani. Yeye mwenyewe aliacha shule mapema akaenda kufanya kazi za vibarua kwenye mashamba ya kondoo. Lakini Cummeragunja hiyohiyo ilikuwa kisima cha wanamichezo. Ilijulikana bonde zima kwa wacheza futiboli wake na kwa wakimbiaji wake. Lynch Cooper, mtoto wa mzee William Cooper wa palepale, alishinda mwaka 1928 mbio za Stawell Gift, mbio za kulipwa zenye heshima kuliko zote Australia. Nicholls alilelewa humo. Kabla hajakanyaga Melbourne alikuwa amekwisha kuwa mchezaji, na hakuna klabu ya mjini iliyoweza kudai kwamba ndiyo iliyomfundisha.

Mwaka 1927 alikwenda Carlton kujaribiwa. Carlton ilikuwa klabu ya VFL, ligi ya jimbo la Victoria iliyokuja kuwa AFL ya leo. Alikuwa na urefu usiofika sentimita 160, lakini mbio alikuwa nazo. Miaka miwili tu baadaye angeshinda mbio za kulipwa za Nyah na za Warracknabeal katika mwaka mmoja. Carlton haikumtaka. Habari iliyobaki, na ambayo imesimuliwa kwa takriban miaka mia moja, ni kwamba wachua misuli wa klabu walikataa kumgusa na wenzake wakalalamika kuwa ananuka kwa sababu ya rangi yake. Fikiria maana ya jambo hilo katika mchezo niliokueleza. Mchezaji asiyechuliwa hachezi. Hakukuwa na haja ya kuandika katika katiba ya klabu kwamba Mwaborijini haruhusiwi. Hakukuwa na haja ya kikao, kura wala barua. Ilitosha mikono michache ikunjwe.

Akavuka mitaa michache akaingia Northcote. Hii ilikuwa klabu ya VFA, chama cha pili kwa hadhi katika jiji hilo, chenye viwanja vidogo na mashabiki wa mtaani. Chumba cha pili kilimpokea. Alicheza pale misimu 5, akawa kipenzi cha watazamaji wa upande wa winga, na mwaka 1929 Northcote ikatwaa ubingwa naye akiwamo. Hapa ndipo wasimulizi wengi hupita mbio ili wafike kwenye ligi kubwa, na kwangu mimi hapa ndipo penye jibu. Miezi michache tu ilitenganisha chumba cha Carlton na cha Northcote. Nicholls hakubadilika dini, umbo wala tabia katika miezi hiyo. Hakujifunza kuwa mpole zaidi. Kama tungekuwa tunafanya jaribio la maabara tusingepata ulinganisho ulio safi kuliko huo: mtu mmoja, jiji moja, mwaka mmoja, majibu mawili.

Mwaka 1932 akaingia chumba cha tatu, Fitzroy, sasa akiwa ndani ya VFL. Inasimuliwa kwamba siku za mwanzo alikaa peke yake pembeni, akijua yaliyompata Carlton, hadi Haydn Bunton alipohamia kukaa karibu yake. Bunton hakuwa mtu wa kawaida. Alikuwa ndiye mchezaji bora wa ligi nzima, mshindi wa medali ya Brownlow mwaka 1931, na angeitwaa tena 1932 na 1935. Nyota wa namna hiyo akikaa karibu nawe, nani tena atasema hakai? Nicholls alicheza Fitzroy mechi 54 hadi 1937, na mwaka 1935 akachaguliwa kuichezea timu ya jimbo la Victoria, Mwaborijini wa kwanza kupata heshima hiyo. Fitzroy ya miaka hiyo ilijaa vipaji kwa namna ya ajabu: Wilfred Smallhorn alishinda Brownlow 1933, Dinny Ryan akaishinda 1936, na bado ubingwa haukuja. Nicholls aling'ara katika timu isiyoshinda, na hilo nalo lahesabika, kwa sababu ni rahisi kumpenda mgeni pale anapoleta kombe.

Kuna sababu nyingine isiyopendeza kusimuliwa kwenye sherehe: fedha. Hii ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi. Tangu 1930 VFL ilikuwa na kanuni iliyojulikana kwa jina la Coulter, iliyozuia mchezaji kulipwa zaidi ya pauni 3 kwa mechi. Klabu zilizotaka mchezaji zililazimika kumvutia kwa njia nyingine, na kubwa kuliko zote ilikuwa kumtafutia kazi. Nje ya msimu Nicholls alikimbia mbio za kulipwa, na alipigana ngumi katika kundi la Jimmy Sharman lililozunguka na hema kwenye maonyesho ya vijijini. Mtu haendi kupigwa ngumi hemani kwa sababu ya kupenda. Alikuwa anatafuta riziki kwa mwili wake kila mahali palipokuwa na mnunuzi. Tunapomsoma kama mfanyakazi, na si kama picha ya ukutani, tunaelewa kwa nini alikaa alipokaa: palikuwa na kipato, palikuwa na watu waliomjali, na baadaye palikuwa na kanisa, maana alibatizwa Northcote mwaka 1935. Mambo hayo matatu yalikuwa ndani ya mitaa miwili inayopakana. Ukikata moja, huenda angerudi mtoni.

Sasa tuzipime hoja za wanaoyasoma maisha haya kwa namna nyingine. Hoja ya kwanza, yenye uzito, ni ya tabia. Wanasema Nicholls alifaulu kwa sababu ya moyo wake: hakulipiza, hakutukana, aliwashinda watu kwa upole na ucheshi. Penye nia pana njia. Siikatai sehemu yake. Waliomjua wanakubaliana kwamba alikuwa na subira isiyo ya kawaida, na mtu mwenye hasira za haraka pengine asingemaliza msimu mmoja. Lakini nia ilikuwapo Carlton pia, na njia haikuwapo. Upole unaeleza kwa nini hakuacha mchezo. Hauelezi kwa nini klabu moja ilimfukuza na nyingine ikampa jezi. Tena hoja hii ina hatari. Ikiwa aliyepita alipita kwa sababu ya wema wake, basi asiyepita itasemwa hakuwa mwema wa kutosha. Ndicho walichofanyiwa wachezaji Waaborijini waliomfuata. Nicky Winmar, aliyeinua jezi yake na kuonyesha ngozi yake mbele ya mashabiki waliomtukana uwanjani Victoria Park mwaka 1993, aliambiwa na baadhi ya watu kwamba amezidisha. Adam Goodes alizomewa msimu mzima wa 2015 hadi akastaafu, na waliomzomea walidai shida si rangi yake bali ukaidi wake. Nicholls amegeuzwa fimbo ya kuwachapia wengine, yeye ambaye hakuwa na fimbo mkononi.

Isitoshe, upole huo umekatwa vipande. Inabaki sura ya mchungaji anayetabasamu, na mwanaharakati anaachwa nje. Tarehe 26 Januari 1938, Australia ikisherehekea miaka 150 tangu kufika kwa meli za Waingereza, Nicholls alikuwa Sydney pamoja na mzee William Cooper katika mkutano wa Waaborijini walioiita siku hiyo Siku ya Maombolezo. Alikuwa bado mcheza futiboli. Mwaka uliofuata, Februari 1939, watu wapatao 200 wa Cummeragunja walibeba virago wakavuka mto kwenda upande wa Victoria kupinga dhuluma za meneja, na jumuiya ya Waaborijini ya Cooper, aliyokuwa akiitumikia Nicholls, ikasimama nao. Mwaka 1947 alipinga eneo la kurushia makombora ambalo lingekatiza nchi ya watu wa jangwani. Mwaka 1957 alikwenda Warburton Ranges, magharibi, akarudi na filamu iliyoonyesha njaa na maradhi ya watu wa huko, na watu wa mijini waliokuwa wamezoea kutokujua wakaona kwa macho yao. Mwaka 1963 aliandamana Melbourne kupinga kufungwa kwa makazi ya Lake Tyers na akajiuzulu ujumbe wa bodi ya serikali. Kisha ikaja kura ya maoni ya 27 Mei 1967, ya kubadili katiba ili Waaborijini wahesabiwe katika sensa na bunge la taifa liweze kuwatungia sheria, iliyopita kwa zaidi ya asilimia 90. Hayo si maisha ya mtu aliyesubiri mlango ufunguliwe. Na usisahau mpangilio wenyewe: jina alilolipata winga ndilo lililomfanya asikilizwe alipokuwa hana mpira tena. Yeye ndiye aliyeutumia mpira.

Hoja ya pili ni nzuri zaidi, na nimeifikiria kwa muda mrefu. Inasema hivi: kama mlango ulikuwa umefungwa, mbona Joe Johnson alipita? Johnson, anayetambuliwa leo kama Mwaborijini wa kwanza kucheza VFL, alianza Fitzroy mwaka 1904, akacheza mechi 55 hadi 1906 na kutwaa ubingwa mara mbili mfululizo, 1904 na 1905. Hiyo ni karibu miaka 30 kabla ya Nicholls, tena katika klabu ileile. Je, hii haionyeshi kwamba mchezo ulikuwa wazi, na kwamba Carlton ya 1927 ilikuwa bahati mbaya ya mtu mmoja?

Jibu langu ni kwamba Johnson anaithibitisha hoja ya chumba, haivunji. Mlango aliopita haukubaki wazi nyuma yake. Kwa miongo mingi iliyofuata Waaborijini walioichezea VFL walikuwa wa kuhesabu kwa vidole, ingawa vijiji kama Cummeragunja vilikuwa vimejaa wachezaji. Hata yeye mwenyewe hakukumbukwa kama wa kwanza hadi muda mrefu sana ulipopita. Mlango unaofunguliwa kwa mtu mmoja kwa sababu chumba fulani, mwaka fulani, kilikuwa na watu fulani, si kanuni. Tazama pia kilichotokea Carlton mwaka 1908. Wally Koochew, kijana wa asili ya Kichina, alicheza mechi 4. Mwanachama mmoja wa klabu alirudisha kadi yake akidai kwamba kumchezesha mtu huyo ni pigo kwa sera ya Australia ya weupe, sera iliyokuwa imetiwa nguvu na sheria ya uhamiaji ya 1901. Kwa hiyo Nicholls alipofika Carlton miaka 19 baadaye hakukutana na bahati mbaya. Alikutana na chumba chenye historia, kilichokuwa kimekwisha onyesha kwamba kuna mikono itakayokunjwa.

Hoja ya tatu ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayopigiwa kelele zaidi kila Mei: kwamba siasa zikae nje ya uwanja, watu wamelipa kiingilio kutazama mpira. Wanaosema hivyo wanadhani kulikuwa na wakati ambapo uwanja ulikuwa mtupu kwa siasa, kisha wanaharakati wakaziingiza kwa jezi za rangi. Wakati huo uko wapi? Si 1908, mwanachama alipotaja sera ya taifa kama sababu ya kurudisha kadi. Si 1927, wachua misuli walipoamua mwili upi unastahili kuguswa. Wala si mwanzoni kabisa, kwa kuwa mchezaji wa Cummeragunja aliishi chini ya meneja mwenye uwezo wa kumfukuza nyumbani kwake. Siasa ndiyo iliyoamua nani awe uwanjani na nani abaki nje ya uzio. Anayedai itoke leo anataka matokeo yake yabaki na mjadala wake uondoke.

Hoja ya nne inatoka upande mwingine, kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema raundi hii ni pambo tupu, ifutwe. Nguo ya kuazima haisitiri matako, na klabu inavaa jezi ya Kiaborijini wiki mbili huku ikishindwa kuwalinda wachezaji wake majuma yote yaliyobaki. Wanao ushahidi. Ripoti iliyoagizwa na Collingwood yenyewe, iliyovuja Februari 2021, ilisema klabu hiyo ilikuwa na ubaguzi uliojikita katika mfumo wake. Rais wa klabu aliiita siku ya fahari, kisha akalazimika kuachia ngazi siku chache baadaye. Hata hivyo siwaungi mkono kufuta. Kabla ya raundi hii, mtoto wa Shepparton au wa Darwin angeweza kumaliza shule bila kulisikia jina la Nicholls. Msanii anayechora jezi anaeleza nchi yake na watu wake, na maelfu wanasoma. Chanda chema huvikwa pete, na Nicholls anastahili pete. Ninachokataa ni kuidhania pete kuwa ndiyo chanda.

Tukiisoma safari yake kwa vyumba, basi kushuka kwa idadi kunaanza kueleweka. Kijana anayetoka kijiji cha mbali akiwa na miaka 18, akahamishiwa jiji lililo umbali wa maelfu ya kilomita, anahitaji vitu vilevile alivyohitaji Nicholls: mtu wa kukaa karibu naye, kipato kinachotosha kusaidia nyumbani, na njia ya kwenda msibani bila kuonekana mtoro. Vitu hivyo vinaletwa na watu walioajiriwa kuvifanya, na mishahara yao inatoka katika bajeti ya idara ya mpira. Baada ya janga la korona ligi ilikata bajeti hizo, na vikosi vya klabu vikapunguzwa. Maoni yangu ni kwamba nafasi zinapobanwa klabu huwa na woga. Humchagua yule ambaye inaamini hataisumbua, aliyelelewa karibu, aliyesoma shule zilezile walizosoma makocha. Hakuna anayehitaji kukunja mikono siku hizi. Inatosha kuandika katika ripoti ya uskauti kwamba kijana huyu ni hatari kumsajili.

Kuna na suala la kisima. Nicholls hakutoka hewani. Alitoka Cummeragunja, penye uwanja, penye wazee waliokimbia mbio kabla yake, penye timu iliyojijua. Watu walipohama 1939, kilichovunjika si makazi tu, ni mahali palipozalisha wachezaji. Wazao wao walitawanyika kandokando ya mto, wengi wakaishia Mooroopna na Shepparton, na kutoka kwao ikazaliwa klabu ya Rumbalara. Klabu hiyo ilihangaika kwa miaka hadi ikakubaliwa kuingia katika ligi ya eneo lake mwaka 1997, na mwaka uliofuata ikatwaa ubingwa. Rumbalara haifundishi mpira peke yake. Inashughulika na afya, shule na ajira za vijana wake, kwa kuwa viongozi wake wanajua kwamba mchezaji ni mtu kwanza. Ningekuwa na sauti katika ofisi za AFL ningeuliza swali moja tu kila Mei: klabu za namna hii zimepata shilingi ngapi mwaka huu ukilinganisha na gharama ya sherehe?

Wasomaji wetu wana sababu ya karibu ya kulifuatilia hili. Aliir Aliir, beki wa Port Adelaide aliyechaguliwa katika kikosi bora cha ligi mwaka 2021, alizaliwa kambini Kakuma, kaskazini mwa Kenya, kwa wazazi waliokimbia vita vya Sudan. Alifika Australia akiwa mtoto asiyewahi kuushika mpira wa umbo la yai. Kabla ya Sydney Swans kumchagua mwaka 2013 alikuwa amepitia klabu za ngazi ya chini, ya mwisho ikiwa East Fremantle. Nyuma yake wamekuja vijana wengine wenye asili ya Sudan Kusini, na magazeti yanaandika tena sentensi zilezile: mpira umewatoa, mpira umewaunganisha. Ninafurahi nao kwa moyo wote. Lakini nikisoma sentensi hizo namkumbuka Johnson na mlango uliofungwa nyuma yake kwa takriban miaka 30, na ninataka kujua nani aliyekaa karibu na Aliir siku ya kwanza, na kama mtu huyo bado yuko pale kwa ajili ya kijana wa kesho.

Nicholls mwenyewe alipoharibika magoti hakwenda kukaa jukwaa la heshima la ligi kubwa. Alirudi Northcote, na mwaka 1947 akawa kocha wa klabu hiyo. Wakati wa vita alikuwa amekusanya timu za Waaborijini kucheza mechi za kuchangisha fedha, na mtaani Fitzroy aliendesha misheni ya Gore Street kwa ajili ya watu wake waliofurika mjini kutafuta kazi. Mwaka 1972 akapewa cheo cha Sir, Mwaborijini wa kwanza kukipata. Desemba 1976 aliapishwa kuwa gavana wa South Australia, akashika wadhifa huo miezi mitano tu kwa sababu ya maradhi. Alifariki Juni 1988 huko Mooroopna, akafanyiwa mazishi ya kitaifa. Baada ya hotuba zote, akazikwa Cummeragunja.